Uzi maalum kwa kampuni iliyotengeneza simu zangu zote nne: msiache mbachao kwa msala upitao

Wakuu, salaam.

Huu uzi ni mrefu, kaeni vizuri. Ni maneno ambayo yamenikaa kifuani karibu miaka miwili.

Nimetumia simu janja nne na zote zimetoka kampuni moja. Ya kwanza nilimpa mama, bado anapigia na kupokelea. Mbili ziko kwenye droo na zinawaka. Ya nne ndiyo ninayoandikia hapa. Wiki hii kampuni hiyo imetoa hesabu zake na ni hasara tena, wafanyakazi wengine wanapunguzwa, na wakubwa wake wamerudia maneno ya mwaka jana: tutajikita kwenye simu za daraja la juu, tutaleta ubunifu. Nilisoma taarifa yote nikitafuta sentensi moja inayomhusu mtu ambaye tayari ana simu yao mkononi. Haikuwemo.

Sitaitaja jina. Siandiki ili kuichafua kampuni ninayoitakia uzima, na nadhani ushauri wenyewe unazihusu kampuni zaidi ya moja. Kuanzia hapa naongea na wao moja kwa moja. Ninyi wengine mnaruhusiwa kusikiliza na kunisahihisha.

Ndugu zangu, simu yenu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya mgongo wake. Unaingiza ukucha pembeni, mfuniko unatoka, betri hiyo hapo. Nilikuwa natembea na betri ya pili iliyojaa, na nikiwa safarini sikuhangaika kutafuta soketi. Nazima, nabadilisha, nawasha, nimerudi asilimia mia. Chini ya betri palikuwa na nafasi ya kadi ya memori. Juu kulikuwa na tundu la hedifoni, na sauti iliyotoka pale sijaipata tena kwenye simu nyingine. Mtu aliyeichora simu ile alikuwa anamfikiria mtu mwenye siku ndefu.

Simu ya nne haina hata kimoja kati ya hivyo. Mgongo ni kioo kilichobandikwa kwa gundi, betri haitoki, kadi haiingii, hedifoni zangu za waya hazina pa kuchomeka. Ni simu nzuri kuitazama, sikatai. Lakini ukifunika nembo kwa kidole huwezi kusema ni ya nani.

Najua ilivyokuwa. Mliwatazama wanaouza kuliko wote, mkaona simu zao ni za kioo na hazifunguki, mkasema na sisi twende huko. Sasa fikirini pamoja nami. Anayetaka simu ya namna ile ananunua ile yenyewe, kwa walioizoea kuitengeneza na wenye fedha za kuitangaza. Mimi niliyetaka ya namna yenu nimebaki sina cha kununua. Yule hamkumpata, na mimi mnanipoteza.

Njia hii ina nyayo za waliotangulia. BlackBerry walikuwa na watu ambao hukuwaambia kitu kuhusu simu nyingine, kwa sababu ya vile vitufe vya kuandikia. Ulikuwa unamwona mtu anaandika barua ndefu huku akitazama mbele. Tarehe 30 Januari 2013 kampuni ikazindua mfumo mpya, BlackBerry 10, ambao wapenzi wake waliungojea sana. Simu iliyotangulia sokoni ikawa Z10, kioo kitupu. Q10 yenye vitufe ikafuata miezi kadhaa baadaye. Yaani waliovumilia kuliko wote ndio walioambiwa wavumilie tena, na mstari wa mbele wakapewa watu wa iPhone ambao hawakuwa na mpango wa kuhama. Septemba ya mwaka huo huo BlackBerry wakatangaza kufuta kama hasara takriban dola milioni 934 kwenye hesabu zao, sehemu kubwa ikiwa ni Z10 zilizokwama ghalani. Mwaka 2016 wakaacha kutengeneza simu wenyewe.

LG nao. Mwaka 2016 walitoa G5, simu ambayo unachomoa kipande cha chini pamoja na betri, unapachika kingine: kimoja cha kushikia kamera vizuri, kingine cha kuongeza ubora wa sauti. Wazo lilikuwa la kijasiri na kuna watu walilipa fedha zao kununua vile vipande. Mwaka uliofuata ikaja G6, haifunguki, na vipande vyote vikawa havina pa kupachikwa. Jiwekeni mahali pa aliyewaamini mwaka 2016. Angewaamini tena mwaka 2018? Tarehe 5 Aprili 2021 LG walitangaza kujitoa kabisa kwenye biashara ya simu, baada ya miaka karibu sita ya hasara iliyofikia kama dola bilioni 4.5. Sisemi vile vipande ndivyo vilivyowaua, sababu zilikuwa nyingi. Nasema walijenga imani wakaibomoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja, na imani ya mteja hainunuliwi ghalani pamoja na vioo na chipu.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, masasisho ya programu za simu.

Simu yangu ya tatu iliuzwa kwa ahadi ya matoleo mawili ya Android. La kwanza nilingoja miezi 14. La pili halikuja. Nilipouliza huduma kwa wateja nilijibiwa kwamba suala langu limepokelewa, nikauliza tena, likapokelewa tena. Baadaye programu ya benki ikakataa kufunguka kwa sababu viraka vya usalama vilikuwa vya zamani mno. Simu yenyewe ilikuwa nzima, kamera inapiga vizuri, kioo hakina hata mchubuko. Iliuawa na ukimya.

Na hapa mfano wa kuogopesha kuliko yote ni Lumia, simu za Nokia. Nokia, chini ya mkuu wao Stephen Elop, walitangaza Februari 2011 kwamba wanahamia Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft. Symbian, mfumo wao wa zamani, ikawa imehukumiwa wakati simu zake bado zimejaa madukani, na Lumia ya kwanza ikafika mwishoni mwa mwaka. Wapenzi wa Nokia wakameza, wakahama nao. Aprili 2012 Lumia 900 ikaingia sokoni Marekani, simu kinara, matangazo makubwa. Juni 2012, miezi miwili tu baadaye, Microsoft wakatangaza Windows Phone 8 na kusema simu zilizopo hazitaipata. Zitapewa 7.8, yenye sura mpya kidogo na moyo ule ule. Mtu ametoka dukani, hajamaliza hata kuzoea simu yake, anaambiwa ameshika kitu cha zamani. Aliyeumia pale ni nani? Ni yule yule aliyekuwa tayari kuwafuata Nokia popote. Kitengo cha simu kikauzwa kwa Microsoft, biashara ikakamilika Aprili 2014, na Julai 2015 Microsoft wakafuta dola bilioni 7.6 kwenye hesabu zao.

Sasa mtaniambia masasisho ni gharama. Najua. Kila toleo la Android linatoka Google, linahitaji viendeshi (programu za kuiendesha chipu) vya mtengeneza chipu, kisha ninyi mlilinganishe na kamera yenu, modemu yenu na sura yenu, mlijaribu, na kwenye nchi nyingine kampuni ya mtandao nayo ilipitishe. Google walipunguza mzigo huo mwaka 2017 kwa mradi wa Treble kwenye Android 8, walipotenganisha mfumo wenyewe na sehemu ya chini inayoongea na chipu. Bado kazi ipo, na inafanywa kwa kila modeli peke yake.

Ndiyo maana nasema punguzeni modeli. Tupige hesabu ya kawaida. Mkitoa modeli 12 kwa mwaka na kila moja mkaihudumia miaka minne, mnabeba modeli 48 kwa wakati mmoja. Hakuna timu iliyopunguzwa wafanyakazi inayoweza kubeba 48, ndiyo maana mnatupa ahadi na kuzikimbia. Mkitoa tatu kwa mwaka na kuzihudumia miaka mitano, ni 15. Hizo zinabebeka, na mna mwaka mzima zaidi wa kujivunia mbele ya mteja. Leo ukurasa wenu una majina yanayotofautiana kwa herufi moja mwishoni, mimi niliyewafuata miaka yote hii siwezi kumweleza rafiki tofauti ya hii na ile. Apple ilipokuwa inakaribia kufilisika mwaka 1997, Steve Jobs alirudi akafyeka orodha ya bidhaa hadi zikabaki kompyuta za aina nne: ya mezani na ya kubeba, ya mtu wa kawaida na ya mtaalamu. Ilikuwa inawezekana kuzikariri.

Tena dunia imeshasogea. Oktoba 2023 Google waliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8, Samsung wakafuata Januari 2024 na Galaxy S24. Umoja wa Ulaya umeweka sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025: masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu modeli iache kuuzwa, vipuri muhimu vipatikane miaka saba, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya chaji. Kwa soko la kule hamna hiari. Basi kwa nini msilifanye jambo hili kwa watu wote, kwa moyo, kabla ya kulazimishwa kila mahali? Andikeni kwenye boksi tarehe kamili. "Simu hii itapata viraka hadi mwezi fulani, mwaka fulani." Neno "hadi miaka kadhaa" limetuchosha.

Bei. Hili watu hawalisemi sana, nami nalisema kwa uchungu. Mpenzi wa kampuni ndiye anayenunua siku ya kwanza. Analipa bei kamili, hangoji uchambuzi wa mtu yeyote, anawaamini. Simu yangu ya nne niliinunua hivyo. Baada ya wiki 11 ikashushwa bei kwa karibu theluthi moja. Asiyewajali akanunua kwa bei nafuu, mimi ninayewapenda nikalipia mapenzi yangu. Mkirudia hivyo mara mbili mnamfundisha kila mtu, pamoja na mimi, kwamba kuwaamini mapema ni hasara. Wote tunaanza kungoja, mauzo ya mwezi wa kwanza yanaanguka, mnashtuka na kushusha bei tena.

Apple walilifanya kosa hilo hilo mwaka 2007. iPhone ya kwanza, ile ya GB 8, ilianza kwa dola 599, na miezi kama miwili baadaye ikawa 399. Waliotangulia kununua walikasirika, na Jobs akaandika barua ya wazi, akakiri kwamba kampuni imekosea kwa wateja wake wa mwanzo, akawapa dola 100 za kununulia vitu kwenye duka la Apple. Haikurudisha fedha yote. Ilionyesha kwamba kuna mtu anajua wao ni akina nani.

*

Nimerudi. Naona michango ni mingi, nijibu michache.

Mkuu uliyeuliza kwa nini nisihame tu, swali ni la haki. Nilijaribu. Niliazima simu ya rafiki ya kampuni kubwa nikakaa nayo wiki tatu. Ilikuwa na kasi, haikuwa na kasoro ya kutaja. Lakini mpangilio wa kamera yenu, ule wa kurekebisha kila kitu kwa mkono, sikuupata. Kurekodi sauti kwa ubora wenu sikukupata, na mimi hurekodi sana, mazungumzo ya wazee, mvua, kwaya. Kuna vitu mnavifanya vizuri kuliko wote na hamvisemi kwenye matangazo. Matangazo yenu yanaongelea wembamba wa simu.

Dada uliyesema kwamba wapenzi wachache hawawezi kuibeba kampuni, umegusa penyewe na sitakimbia. Ni kweli. Fairphone wa Uholanzi wanatengeneza simu ambayo betri na vipande vingine unaweza kuvibadilisha mwenyewe, wana watu wanaowapenda, na bado ni kampuni ndogo. Mimi siombi tuwabebe peke yetu. Mteja wa zamani ndiye anayewaletea mpya. Mimi peke yangu nimewaletea watu saba, ndugu na wenzangu wa kazini, kwa sababu walikuja kuniuliza "ninunue simu gani?" Swali hilo kila familia ina mtu mmoja anayeulizwa. Kwa miaka miwili sasa nikiulizwa naangalia pembeni, natoa jina la kampuni nyingine, na kila nikilitaja roho inaniuma. Hao saba wana simu zilizochakaa. Wanakaribia kununua.

Na kuna waliorudi kutoka shimoni, msikate tamaa. Xiaomi walianza mwaka 2010 na mfumo wa MIUI kabla hawajawa na simu yao. Walikuwa wakitoa toleo jipya kila Ijumaa, wakisoma watumiaji wanavyolalamika, wakirekebisha, wakitoa tena Ijumaa inayofuata. Mwaka 2016 mauzo yao yalianguka vibaya, watu wakawaandikia tanzia. Lei Jun, mwanzilishi mwenyewe, akashika ugavi na upatikanaji wa vipuri kwa mikono yake, na mwaka 2017 wakapanda tena. Samsung nao, baada ya Note 7 kushika moto mwaka 2016, waliirudisha yote, wakaacha kuitengeneza, na Januari 2017 wakasimama hadharani kueleza betri za wasambazaji wote wawili zilikuwa na kasoro gani. Walieleza kasoro kwa michoro. Mtu akiona umeeleza hivyo anaweza kukupa nafasi nyingine.

Ninyi mna nini cha kueleza? Nianze na kosa lililonipata. Simu yangu ya pili ilianguka kioo kikapasuka. Kituo chenu cha huduma kiliichukua, kikasema kioo kimeagizwa. Nilingoja wiki tisa. Mwishowe niliichukua bila kutengenezwa, nikampelekea fundi ambaye alitoa kioo kwenye simu ya namna ile ile iliyokufa bodi, akanipachikia mchana mmoja. Fundi yule hana barua yenu wala mafunzo yenu. Alikuwa na simu mbovu kwenye boksi na mikono yenye subira. Kwa miaka hii mafundi kama yeye ndio wamekuwa wakiiweka nembo yenu hai mikononi mwa watu, na ninyi mnawazuia kupata vipuri halisi. Wauzieni vioo, betri na vitundu vya chaji. Toeni michoro ya namna ya kufungua bila kuvunja. Gundi ya mgongo iwe ile inayoachia kwa joto dogo, au rudisheni skrubu.

Mkuu wa mwisho ameandika kwamba betri isiyotoka ndiyo inayozuia maji, kwa hiyo naomba visivyowezekana. Hapana mkuu. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo unaofunguka kwa ukucha, betri inatoka, na ilikuwa na kinga ya maji ya IP67. Ni ngumu zaidi kuitengeneza na mpira wa pembeni ukichoka kinga inapungua, hilo nakubali. Lakini ngumu na haiwezekani si neno moja, na kampuni inayotafuta sababu ya kuwepo ingeanzia kwenye jambo gumu ambalo wakubwa wameliacha.

Kama kuna mtu wa kampuni anasoma, na nina hakika wapo kwa sababu mtindo wa maswali mawili huko juu ni wa mtu wa ndani, nina ombi dogo ambalo halihitaji kikao cha bodi. Simu yangu ya tatu, ile iliyokosa toleo la pili, betri yake imeanza kuvimba. Nimeacha kuichaji. Ndani yake kuna programu yenu ya zamani ya kurekodi sauti, ile mliyoiondoa, na hakuna nyingine iliyonifaa tangu hapo. Nimetafuta betri halisi miezi minne, zilizopo ni za kuiga na siziamini. Nahitaji moja. Nitalipa bei yoyote halali mtakayoitaja, na nitapiga picha siku itakapofika niiweke hapa hapa, watu hawa wote waione.